Kambo, gitare yenye tundu mbili

Gitare yetu iko na tundu mbili. Ya kwanza ni ya fabrika, ile ya muviringo katikati ya kifua, kama gitare zote. Ya pili ilitobolewa na vidole. Iko chini kidogo ya ile ya kwanza, upande wa kamba nyembamba, ndefu sawa mbegu ya embe, na mbao ya pembeni yake imekonda mpaka ukiweka taa nyuma unaona mwangaza. Hakuna mutu aliyetumia kisu. Ni kucha ya kidole cha shahada, ikipita palepale, jioni kwa jioni, karibu miaka makumi saba.

Tunaiita Kambo. Kwa wasomaji wasio wa huku Katanga: kambo njo babu, tena njo bibi, neno halichagui. Inaning'inia ku musumari mu biro ya sendika, hapa Likasi, kati ya kalendari na picha ya wadelege wa zamani. Mbali na dirisha juu ya jua, mbali na mulango juu ya watoto. Mugeni akiingia, macho yanaenda kwake kwanza. Wengine wanacheka. Mumoja aliuliza kama tunaikausha ili iwe kuni.

Tunamusamehe, sababu sura yake kweli ni ya muzee aliyefanya kazi mingi. Shingo haiko ile iliyozaliwa nayo. Ile ilivunjika, na seremala mumoja wa Kikula akachonga ingine mu mulombwa, muti mwekundu na muzito, na toka ile siku ukiisimamisha vibaya ku kiti inaanguka kila mara upande wa kichwa. Masikio ya kukazia kamba ni sita: matatu ya asili, mawili yalitoka ku gitare ingine iliyokufa, na la mwisho ni buloni. Ili kulikaza lazima kwanza kutafuta pensi, na pensi ya biro haionekanaka siku ya kazi. Vile vyuma vidogo vya shingo vilikwisha kwa kusuguliwa, tukaweka rayon za kinga, zilizokatwa na kulainishwa ku sima. Nyuma ya daraja, pale kamba zinavuta kwa nguvu, kifua kilianza kuinuka sawa mukate mu furu. Basi mwenyewe wa zamani alipigilia pale kibamba kidogo cha shaba, na visi ine. Ile shaba ilitoka wapi, hatukuuliza. Mutu akipita miaka makumi tatu mu usine ya shaba, vitu vingine vinamufuata mpaka nyumbani sawa mavumbi ku nguo.

Ukiangaza ndani na telefone, utaona nusu ya karatasi ya mutengenezaji: Gallotone, Afrika Kusini. Ile karatasi inasema kwa Kiingereza kwamba kuna garanti, gitare haitapasuka. Imepasuka mara tatu. Karatasi bado imeshika.

Na sauti yake? Kavu. Haikawii mu hewa. Kamba nene zinagonga sawa mutu anayebisha mulango na kidole, na zile nyembamba zinajibu mbio mbio. Pale ku chuma cha tano, kamba ya tatu inanguruma kidogo, kama mutu mwenye kikohozi cha asubuhi. Gitare mupya ikifanya vile utairudisha ku duka. Kambo ikifanya vile, wamama walio ndani ya nyumba ya kilio, bila kutoka inje, wanajua kama sisi tumefika.

Aliyeinunua alikuwa mufanyakazi wa usine za Shituru, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville na kampuni ilikuwa Union Minière du Haut-Katanga. Jina lake hatuliandike. Tutamwita Muzee, sawa vile tulimwitaka. Gitare ilitoka Ndola na treni, ikapitia Sakania, imefungwa mu blanketi sawa mutoto mwenye homa. Bei yake alituambia mara mingi, na kila mara ilikuwa imepanda.

Ili kujua sababu gani kijana wa usine alitaka gitare kuliko kinga au saa, lazima kukumbuka mambo ya ile miaka mu huu muji wetu. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alikuta hapa Jadotville kijana anayepiga gitare. Huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mutu wa Bunkeya, wa Bayeke, aliyezaliwa mu 1930. Wimbo wake «Masanga» ulitoka hapa ukaenda mbali kuliko treni yetu yote. Sahani zake zilitolewa na Gallo, ile nyumba ya Afrika Kusini ambayo jina lake liko mu tumbo la Kambo. Kisha Bosco alifika mpaka Nairobi, watu wa kule wakajifunza kwake, na mu 1969 alipiga ku festivali ya Newport, Marekani. Tukitaja yeye lazima kutaja Edouard Masengo na Losta Abelo, kama si vile wazee watatuandikia. Mu 1979 Muingereza mwingine, John Low, mupiga gitare, alisafiri mpaka huku kwetu ili akae mbele yao na kujifunza vidole, na akaandika kitabu juu ya ile safari. Sisi tunaoishi hapa hatukulipa tikiti yoyote, na wangapi kati yetu walikaa mbele yao?

Kila muzee wa Likasi mwenye gitare anasema siku moja Bosco aliishika. Muzee wetu hakusema vile. Alisema paka hivi: alisimama mu njia pamoja na watu wengine, na pale wote waliangalia uso wa Bosco, yeye aliangalia kidole gumba.

Sababu ile namna ya kupiga ni ya vidole viwili, gumba na shahada, basi. Gumba linatembea ku kamba nene, linaenda na kurudi, halipumziki. Njo mutu wa poste, wa asubuhi na wa usiku. Shahada inaimba ku kamba nyembamba, inachelewa, inarukaruka, inafanya sawa haijali, na kumbe inajua vizuri pale gumba liko. Ukisikiliza kwa mbali unafikiri wapigaji ni wawili. Vijana wanaotazama kwa mara ya kwanza wanatafuta yule wa pili nyuma ya mulango. Na kama sauti ya mwimbaji iko juu, tunafunga kipande cha kalamu ya mbao ku shingo na ulimi wa mupira wa kinga, gitare yote inapanda. Watu wa mujini wananunua chombo cha kazi hiyo ku duka. Kalamu inatosha, tena unaweza kuandika nayo majina ya waliolipa musaada.

Sisi tulizaliwa mu kampi. Gitare zetu za kwanza zilikuwa bidon ya mafuta ya litri tano, ubao mumoja, na waya za frein ya kinga zilizosukuliwa moja moja. Kinga za nani, hiyo ni habari ingine. Kuna baba mumoja alishuka mulima bila frein mpaka ndani ya soko, na mutoto wake, ambaye leo ni delege, hajamwambia mpaka sasa. Jioni tulikwenda kukaa ku baraza ya Muzee, aliyekuwa tayari ku pensioni. Kanuni zake zilikuwa tatu. Kunawa mikono mpaka ku kiwiko, na sabuni. Kutoa kitu chochote cha chuma, pete, saa, kifungo cha mukaba. Na kukaa. «Mikono unanawa? Leta nione,» alisemaka vile, na alinusa kweli. Kisha alikuachia paka gumba. Mwezi muzima, gumba tu, kamba mbili, kwenda na kurudi. Mutoto aliyetaka shahada mbele ya gumba alirudishwa ku bidon yake.

Tulimuona muchoyo. Leo tukiangalia ile tundu ya pili tunafahamu kama alikuwa anagawanya kitu kinachokwisha.

Kisha ikaja miaka ya njaa. Mwezi wa kenda 1990, shimo la Kamoto kule Kolwezi liliporomoka, na ile miaka iliyofuata kila mutu wa Katanga anaijua ndani ya tumbo lake. Mushahara ulichelewa mwezi moja, kisha tatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Ile posho ya unga tuliyokomea nayo ikakatika. Mu nyumba za kampi vitu vilianza kutoka kwa mulango moja moja: radio, frigo, kinga, mashine ya kushona ya mama, kitanda, na mwisho manjanja ya jikoni. Muzee aliuza vyote kwa huo mufulizo. Na siku moja alibeba Kambo mpaka kwa mwenye duka, akaiweka rehani kwa mufuko moja wa unga.

Lakini ile gitare ilikuwa tayari na kazi ya watu wote. Huku kwetu kilio ni usiku mingi: moto inje, wanaume ku mabenchi, wamama ndani, kahawa kama iko, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba inayoingia mu mifupa. Bila kitu cha kusikiliza, ule usiku haupitake. Muzee alipigaka pale, hakuomba kitu, na alijua wimbo wa kila kabila la kampi, Waluba, Babemba, Basanga, Bayeke, Tshokwe. Basi pale mutu alikufa, wajomba walienda kwa mwenye duka kuomba Kambo. Alikubali itoke, irudi kisha mazishi. Na ile miaka vilio havikukosekana. Ilikaa rehani miezi mitano, na yule mwenye duka mwenyewe alisema haijalala kwake siku makumi tatu. Siku aliyoirudisha hakudai unga wote. Alidai nusu, na kamba mbili za ziada alizokuwa amenunua, sababu alikuwa amechoka kuona zimevunjika.

Muzee hakuona pensioni yake kamili mpaka kufa kwake. Mu 2003, pale ile operesheni iliyoitwa Départs volontaires ilitoa watu zaidi ya elfu kumi mu kazi, watoto wake wawili walitia sahihi. Kwa hiari? Tuache hiyo. Miaka michache kisha, tulikaa ku kilio chake yeye mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza Kambo kuwa mu mikono ingine usiku muzima. Tulipokezana. Hakuna aliyepiga vizuri. Asubuhi Mama, mujane wake, alitoka na kutupa ile gitare mbele ya watu wote, na maneno yake tumeyashika: «Hii haina kitu ya nyumba, iko kitu ya kilio. Mubebe. Lakini ikae na mikono ya watu.»

Hivi njo iliingia mu sendika. Wengine walidhani itakuwa ya kuchochea watu ku greve. Kwa kuchochea, ngoma inatosha, tena karindula ya vijana, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, inasikika mpaka ku muji mwingine. Kambo haina nguvu hiyo. Faida yake tuliiona usiku mumoja wa masika, mbele ya mulango wa kampuni fulani. Wadelege walikuwa ndani toka saa kumi ya mangaribi. Ilipofika saa nane ya usiku mvua ilikuwa imekwisha, watu wamelowana, na vijana walianza kutafuta mawe. Mutu akitafuta mawe mu giza unajua kwa mugongo wake. Mumoja wetu alikaa ku tairi na kuanza kupiga. Usifikiri walitulia kwa utamu. Walilalamika! Walisema huo wimbo ni wa wakambo, wapige wa leo. Wazee wakajibu kwamba vijana hawajui kitu. Wakabishana juu ya wimbo, nani alitunga, maneno ya kweli ni gani, na huko wanabishana walikaa chini, moja moja, karibu na gitare ili waonyeshe wenzao kosa. Kamba ya kwanza ikavunjika. Polisi mumoja aliyekuwa upande wa mulango akaja na toshi yake, akaangaza mpaka tulipoifunga, akarudi pale alikuwa. Ubishi haukwisha. Wadelege walitoka karibu saa kumi na karatasi yenye sahihi, na mawe yalikuwa bado chini.

Sasa tufike ku jambo ambalo lilifanya tuandike.

Kati yetu kuna kamarade mumoja ambaye gumba lake linapita gumba zote za Likasi. Sisi wengine tunapiga, yeye anatembea. Anafanya kazi mu sous-traitance, ile ya contrat za miezi tatu tatu, ambayo ndugu wengi wanaosoma hapa wanaijua. Siku moja wakishusha bomba, kamba ya chuma ikaachia, na bomba likaangukia muguu wake chini ya goti. Hopitali ilisema lazima operesheni, na mbele ya operesheni lazima pesa: dolari 900. Bwana wa sous-traitance alitafuta mu makartasi, akasema contrat ya huyu mutu ilikwisha jana yake. Jana yake! Tulianza dosie ku inspeksio ya kazi siku ileile, lakini dosie inaenda na miguu yake, na muguu wa kamarade ulikuwa unavimba.

Ile wiki njo alipita mugeni anayenunua vyombo vya zamani. Aliona Kambo kwa mulango, akasimama. Alituambia habari ambayo ni ya kweli, kwamba John Lennon wa Beatles, akiwa kijana kule Liverpool, alianzaka na gitare ya huyu huyu Gallotone. Hakutaka hata kuisikia. Alisema dolari 600, ataleta kesho kutwa.

Siku ya mungu kisha misa tuliitisha mukutano. Tulikuwa watu 33. Kuna waliosema dolari 600 na ule muguu hakuna mazungumzo. Kuna waliosema tukiuza leo, kilio cha kesho tutaenda na nini, na telefone? Vijana wawili walitaka tuuze, tulipe hopitali, na pesa ikibaki tununue sinte. (Pesa ikibaki! Ku 600 juu ya 900.) Muzee mumoja alilia kweli, tukangoja. Tulituma mutu kwa Mama, mujane, sababu bila yeye hatukuweza. Jibu lake lilirudi fupi: Muzee angeuza mbele yenu, yeye aliuza mpaka kitanda.

Kura ilikuwa 19 kwa kuuza, 14 kwa kuacha. Sisi wa komite tunaoandika hapa tulipiga ya kuuza, wote. Hatuoni haya kuisema, na tusingependa mutu afikiri kwamba hatuipendi. Ile usiku hakuna aliyeenda kulala. Tulikaa mu biro na kupiga kila wimbo tuliojua, hata ile inayopita ku chuma cha tano. Mumoja alichukua telefone na kunasa. Akisikiliza kisha, alisema telefone imetoa ule mungurumo, sauti imekuwa safi. Akafuta.

Mugeni alikuja na pesa. Mbele ya kuitoa, alivaa miwani, akatoa taa ndogo na kioo kidogo sawa cha munganga wa meno, akaingiza mu tundu ya kwanza. Akaanza kuhesabu. Shingo si ya asili. Masikio matatu si ya asili. Vyuma vya shingo si vya asili. Kole ya ndani ni ya seremala. Hii tundu ya pili, vibaya sana. Na kile kibamba cha shaba kilimukasirisha kabisa, alisema kimeharibu mbao milele. Kila kitu alichotaja kuwa kasoro, sisi tulikijua kwa jina la mutu aliyekifanya. Shingo, yule seremala wa Kikula, aliyekataa pesa juu Kambo ililala kwa kilio cha dada yake. Rayon, kijana aliyekwenda kuchimba kwa mikono na hakurudi kutoka mu shimo. Buloni, delege aliye leo Kasumbalesa na roli. Mugeni alifunga taa yake, akasema anaweza kutoa 50.

Tuliirudisha ku musumari. Hata yule aliyetaka sinte hakusema kitu.

Kisha tukaenda hopitali kumwambia kamarade kwamba pesa haiko. Tuliogopa. Alisikiliza yote, taa, kioo, kibamba, akacheka mpaka mama wa zamu akaja kuona kuna nini. Akasema: «Bamupimie bule, kwa sababu banaona visi? Basi na miye bei yangu itashuka, munganga anasema ataniwekea kibamba mu muguu.»

Tulitafuta kwa njia ingine, ile ndefu. Jumamosi sita mufulizo, Kambo ilitoka: mara mbili ku soko la Kikula, mara tatu Panda, mara moja mbele ya mulango wa usine siku ya mushahara, na beseni chini. Vijana wa karindula walikuja kusaidia bila kuitwa. Wamama walipika vitumbua. Noti zilikuwa za mia tano na za elfu moja, zilizochoka kuliko gitare, tukazihesabu usiku na kuzifunga na ile mipira ya kinga. Ilitoka franka sawa na dolari 410. Wenzetu wa usine walikatisha ku mushahara wao, munganga akakubali kuanza, na hopitali ikaandika deni kwa ile iliyobaki. Hilo deni bado liko. Dosie ku inspeksio bado iko. Bwana wa sous-traitance ameitwa mara mbili, amekuja mara moja. Hatutaki musomaji afikiri kwamba gitare ililipa yote.

Kamarade anatembea na fimbo. Kazi ya kusimama hawezi tena, kwa sasa. Anakaa chini ya muembe mu parcelle yake, na tulipiga kura ingine, hii haikuchukua hata dakika tano, kwamba toka siku ya kwanza mpaka ya ine ya wiki Kambo ikae kwake. Watoto kenda wanakuja kisha masomo, wawili ni wasichana. Mumoja wao, binti wa miaka kumi na moja, tayari ametoka ku gumba, na wavulana wamekasirika. Kunawa mpaka ku kiwiko, na sabuni. Kamarade anawaonyesha kovu la muguu na kile kibamba cha Kambo, anawahesabia visi: gitare ine, yeye sita, kwa hiyo yeye njo mukubwa.

Shida moja imebaki. Fundi wa Kikula, mutoto wa yule aliyechonga shingo, ameipima. Anataka kusugua kifua chote, kuziba tundu ya pili na kupaka verni mupya, ili ionekane muzuri. Verni tumekataa. Juu ya tundu tumebishana naye wiki mbili, na yeye iko na haki kwa upande mumoja: tundu zikikutana, kifua kitaanguka ndani. Tumekubaliana abandike kipande chembamba cha mbao kwa ndani, pasipoonekana, na inje aache vile iko. Atafanya siku ya tano, watoto wakiwa wamepumzika. Kama kuna musomaji iko na sikio la gitare ya zamani ambayo haitumii tena, hata moja, alete ku biro tutoe ile buloni. Na kamba ya kwanza, sababu ile njo inavunjika kila mara.

Kati ya tundu ya fabrika na ile yetu, fundi amepima, kumebaki mbao ya upana wa vidole viwili.